NENANA HADI NOME: kilomita 1,085 na kopo la dawa ya dondakoo

SEHEMU YA 1

Juzi mama mmoja aliniuliza swali ambalo halijanitoka kichwani. Kasema, "Sista, kila siku mnatuhimiza tulete watoto wiki ya 6, ya 10 na ya 14, mnataja dondakoo, dondakoo. Mimi nina miaka 41 sijawahi kumwona mtu hata mmoja anayeumwa hiyo dondakoo."

Nikamjibu kifupi kwamba hajaiona kwa sababu watoto wanachomwa. Akacheka, akasema hilo jibu la kinesi. Basi leo nataka nimjibu kwa urefu, na nitaanzia mbali kidogo. Nitawapeleka Alaska, mwaka 1925, kwenye miji miwili ya kaskazini ambayo mtu akikuuliza umbali wake inabidi kwanza umuulize: umbali kwa chombo gani?

Mji wa kwanza unaitwa Nenana. Upo katikati ya Alaska, reli inapita hapo. Mji wa pili ni Nome, upo magharibi kabisa, pwani ya Bahari ya Bering, karibu na mstari wa Aktiki. Ukiangalia ramani miji hii imekaa karibu mstari mmoja, ukitoka Nenana unaelekea magharibi moja kwa moja. Kwa ndege ni kama kilomita 780. Sisi tunaosafiri Dar kwenda Mwanza tunaelewa, ni pungufu kidogo ya hapo. Ndege ya propela ya siku hizi ingetumia chini ya saa mbili. Unakunywa chai, unasinzia, unashuka.

Kwa njia ya mbwa, ambayo inafuata mito na ukingo wa bahari, ni maili 674, yaani kilomita 1,085. Barua za posta zilichukua siku 25 kawaida. Aliyewahi kukimbia kuliko wote alitumia siku 9.

Shikeni hizo namba: saa mbili, siku 9, siku 25. Sasa wekeni katikati yake mtoto ambaye koo linaziba.

Kwa wasiojua: dondakoo ni bakteria. Anakaa kooni, anatengeneza utando wa kijivu mzito ambao ukijaribu kuubandua unatoa damu. Shingo inavimba. Mtoto anaanza kupumua kwa sauti, mnaisikia toka mlangoni. Lakini kinachoua zaidi hata kuliko huo utando ni sumu ambayo bakteria anaimwaga kwenye damu. Sumu inakwenda kwenye moyo, inakwenda kwenye mishipa ya fahamu. Mtoto anaweza kuonekana anapata nafuu ya koo, halafu wiki ya pili moyo unasimama.

Dawa yake kipindi hicho, na mpaka leo, ni kinga iliyotengenezwa ndani ya damu ya farasi. Farasi anachomwa sumu kidogo kidogo mpaka mwili wake unajifunza kupambana nayo, halafu anatolewa damu, maji yake ya juu yanasafishwa, ndiyo dawa. Mwaka 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kule Berlin kwamba jambo hili linawezekana, na Behring akapata Nobeli mwaka 1901. Siku hizi tunaongeza antibayotiki ya kumuua bakteria mwenyewe. Mwaka 1925 hazikuwepo kabisa.

Sasa hapa ndipo pana siri ya hadithi nzima, msome taratibu. Dawa hii inakamata sumu inayozunguka kwenye damu tu. Sumu ambayo imeshaingia kwenye seli za moyo haiwezi kuitoa. Imeshaingia, imeingia. Kwa hiyo dawa ileile, dozi ileile, ikifika siku ya kwanza ni uzima na ikifika siku ya sita inaweza kuwa maji tu. Ndiyo maana kwa ugonjwa huu umbali si kilomita, umbali ni saa.

Naingia zamu. Itaendelea kesho.

SEHEMU YA 2

Nimetoka zamu, nimelala, nimeamka. Tuendelee.

Nome ulikuwa mji wa dhahabu. Dhahabu iligunduliwa 1898, watu wakamiminika, inasemekana walifika 20,000 ufukweni pale. Dhahabu ilipopungua wakaondoka. Kufikia 1925 walibaki kama 1,400, kati yao wenyeji wa asili kama theluthi moja. Kuanzia mwezi wa 11 bahari inaganda, meli haifiki mpaka kiangazi. Mwezi wa kwanza mwanga wa mchana ni saa chache tu. Hakuna barabara ya kutoka nje. Hata leo ninapoandika, Nome haijaunganishwa kwa barabara na sehemu nyingine ya Alaska.

Hospitali ilikuwa moja, ya vitanda 25. Daktari mmoja, Curtis Welch. Manesi wanne, mkuu wao Emily Morgan. Daktari mmoja na manesi wanne kwa mji mzima na vijiji vya jirani. Wenzangu wa vituo vya afya vijijini nawaona mnatabasamu.

Welch alikuwa na dawa ya dondakoo kabatini lakini ilikuwa imeshapita muda wake. Aliliona hilo mapema, akaagiza mpya. Meli ya mwisho ya mwaka 1924 ikaja, ikashusha mizigo, dawa haimo. Bahari ikaganda.

Jamani, hapo nilipopasoma mara ya kwanza niliweka simu chini.

Niwaambie kwa nini. Kituo changu cha kwanza cha kazi, sikitaji, kilikuwa mbali na hospitali kubwa kilomita 140, na katikati kuna mto usio na daraja la maana. Usiku mmoja wa masika kaletwa mtoto wa kiume, miaka 9, kaumwa na kifutu mguuni. Mguu umeshavimba mpaka gotini. Dawa ya sumu ya nyoka nayo inatengenezwa kwa farasi vilevile, ni ndugu moja na ile ya Welch. Nikafungua friji. Kulikuwa na vichupa viwili, tarehe imepita miezi mitano. Tuliagiza, tena mara mbili, karatasi ninazo sahihi yangu ipo. Hazikuja. Mganga mfawidhi akaniangalia, nikamwangalia. Tukampa maji ya mshipa, tukaufunga mguu usitikisike, tukaita gari la wagonjwa, gari likasubiri mto upungue. Saa sita kasoro. Mtoto alipona. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Ukiniuliza hospitali ilikuwa umbali gani nitakwambia saa sita kasoro. Kilomita 140 zilikuwa za kwenye karatasi tu.

Turudi Nome. Desemba 1924 Welch alianza kuona watoto wanaumwa koo, akadhani ni tezi za koo za kawaida. Wengine wakafa. Hakuwa na maabara ya kuotesha vimelea, na ugonjwa alikuwa hajauona pale miaka yote aliyofanya kazi. Simlaumu. Ugonjwa usiouona unausahau, hata ukiwa daktari. Tarehe 20 Januari 1925 akauona ule utando wa kijivu kwenye koo la mtoto wa miaka 3. Mtoto akafa kesho yake. Hiyo kesho yake wakamletea binti wa miaka 7. Kwa kukata tamaa akamchoma ile dawa iliyopita muda. Binti naye akafa siku hiyohiyo.

Akaenda kwa meya usiku, mji ukafungwa. Shule, kanisa, sinema, kila kitu. Tarehe 22 akatuma simu ya maandishi kwenda nje: ninahitaji yuniti milioni moja za dawa, haraka, na njia pekee ya kufika hapa ni posta ya mbwa.

Lingine walilokuwa wanaliogopa ni hili. Miaka 6 tu nyuma, mafua makubwa ya 1918 yalifika Nome na kuua wenyeji wengi mno, inakadiriwa karibu nusu yao. Watu walikuwa bado na makaburi mabichi moyoni. Welch alijua dondakoo ikitoka mjini ikaingia vijijini hakuna wa kuizuia.

Wakati huo Emily Morgan alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba kwenye baridi ile, anafungua vinywa vya watoto, anaangalia makoo, anaacha alama za karantini milangoni, anaongea na wazazi wasiotaka kusikia. Hiyo kazi mimi naijua. Haina picha nzuri.

SEHEMU YA 3

Kaka mmoja kaniuliza: mwaka 1925 ndege si zilikuwepo? Kwa nini wasirushe?

Ndiyo, zilikuwepo, na huo ndio ulikuwa ubishi mkubwa wa wiki ile.

Mwaka mmoja nyuma, Februari 1924, rubani anaitwa Carl Ben Eielson alibeba barua kwa ndege kutoka Fairbanks hadi McGrath, kilomita 420, akatumia chini ya saa tatu. Mbwa wa posta kwa safari hiyohiyo walitumia zaidi ya wiki mbili. Watu wakashangilia. Kurudi, giza likamkuta, akapotea, akatua vibaya. Baada ya safari chache na ajali, serikali ikausitisha mkataba. Januari 1925 Eielson hakuwepo Alaska. Ndege zilizobaki Fairbanks zilikuwa za mbao na kitambaa, rubani anakaa wazi bila paa, injini inapozwa kwa maji, na zilikuwa zimefunguliwa vipande vipande na kuhifadhiwa msimu wa baridi.

Mhariri wa gazeti la Fairbanks alipiga kelele zirushwe. Meya wa Nome naye alitaka ndege. Alijitokeza na mtu wa kurusha, Roy Darling. Kwa hesabu ya karatasi ndege ingemaliza ndani ya siku moja.

Gavana Scott Bone akakataa. Akachagua mbwa, tena kwa kupokezana kijiti usiku na mchana.

Mpaka leo wapo wanaosema gavana alikuwa mwoga wa vitu vipya. Mimi niko upande wake, na sababu yangu ni ya kinesi. Mbwa akifa njiani wapo wengine saba. Mwendeshaji akiganda yupo mwenzake kituo kinachofuata. Ndege ikianguka, dawa imekwisha, na dawa ilikuwa hiyo tu. Ukiwa na kichupa kimoja hutafuti njia ya haraka kuliko zote. Unatafuta njia ambayo ikiharibika haiharibiki yote.

Dawa yenyewe ilipatikana kwa bahati. Yuniti zaidi ya milioni moja zilikuwa pwani ya magharibi ya Marekani, lakini zilihitaji meli, siku nyingi. Ndipo daktari wa hospitali ya reli kule Anchorage akakuta yuniti 300,000 zimekaa stoo. Hazitoshi, ila zinazuia moto. Zikafungwa kwenye mablanketi, zikatiwa kwenye kopo la chuma, mzigo mzima kama kilo 9, zikapandishwa treni. Tarehe 27 Januari, saa tatu usiku, zikakabidhiwa Nenana kwa mtu anaitwa William Shannon, wenyewe walimwita Wild Bill.

SEHEMU YA 4 (ndefu kidogo, mnisamehe)

Joto lilikuwa nyuzi 46 chini ya sifuri, na likazidi kushuka. Kwa baridi hiyo ukivuta hewa kwa nguvu mapafu yanaumia, kwa hiyo hata kuwakimbiza mbwa sana ni hatari. Shannon aliingia kituo cha njiani saa tisa usiku sehemu za uso zimeshakuwa nyeusi kwa kuganda. Akaota moto, akalipasha kopo joto, akaacha mbwa watatu walioishiwa nguvu, akaondoka na waliobaki.

Akampokeza Edgar Kalland, kijana wa Kiathabaska. Kalland alipofika kituo chake, inasimuliwa kwamba mikono ilikuwa imegandiana na mshikio wa sleji mpaka mwenye nyumba akamwagia maji ya moto ndipo ikabanduka.

Na hapa nitasema jambo. Waendeshaji walikuwa 20, mbwa kama 150. Wengi wa hao 20 walikuwa wenyeji wa Alaska, Waathabaska na watu wa pwani, na wengi walikuwa wabebaji wa posta wanaoijua njia kama uani kwao. Magazeti ya wakati ule hayakuwaandika sana. Charlie Evans, mmojawapo, mbwa wake wawili wa mbele waliganda wakaanguka njiani. Akajifunga kamba mwenyewe akavuta pamoja na waliobaki mpaka Nulato. Huyu mtu hana sanamu.

Upande wa pili, kutoka Nome, aliondoka bingwa wa wote, Leonhard Seppala, Mnorwe, na mbwa 20, kiongozi wao Togo, mbwa mzee wa miaka 12. Mpango wa kwanza ulikuwa aende mpaka Nulato achukue dawa arudi. Akiwa njiani mpango ukabadilishwa, wakaongeza wapokezaji ili mzigo usilale. Seppala hakuwa na namna ya kuambiwa. Kwa hiyo siku ya kupishana, nje ya Shaktoolik, aliona mtu anapigana na mbwa wake waliojichanganya kwa sababu ya mnyama pori, akataka kumpita, haraka yake si ndogo. Mtu huyo, Henry Ivanoff, ikabidi amkimbilie akipiga kelele kwamba dawa anayo yeye hapa hapa.

Hebu fikirini. Dawa na mtu anayeifuata, wamebakiza hatua chache wapishane kwenye dhoruba. Ni kama vile gari la wagonjwa linalokwenda kumfuata mgonjwa linapopishana na bodaboda iliyombeba mgonjwa yuleyule. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Seppala akageuza. Mbele yake ghuba ya Norton, bahari iliyoganda. Kuizunguka ni salama lakini mbali, kuikatisha ni karibu lakini barafu inaweza kumeguka na kukupeleka baharini. Nyumbani Nome alikuwa na binti yake wa pekee, miaka 8. Akakatisha, usiku, upepo unavuma, Togo mbele. Saa chache baadaye barafu ile ilimeguka. Ukijumlisha kwenda na kurudi alisafiri maili 261, kama kilomita 420, wakati wengine walipewa vipande vya kilomita 40 au 80.

Akampokeza Charlie Olson, Olson akaumia vidole kwa kuwafunika mbwa blanketi, akampokeza Gunnar Kaasen. Kaasen alikuwa na mbwa anaitwa Balto. Upepo ukaipindua sleji, kopo likaruka kwenye theluji gizani, Kaasen akavua glavu akalipapasa kwa mikono mitupu mpaka akalipata. Alipofika kituo cha mwisho cha kupokezana akakuta taa zimezimwa, mwenzake kalala, akaamua kuendelea mwenyewe. Baadhi wanasema alitaka sifa. Sijui ya moyo wake, ila kumwamsha mtu, afunge mbwa, apoteze saa nzima... mimi pia ningepita.

Tarehe 2 Februari 1925, saa kumi na moja na nusu alfajiri, akaingia Nome. Kutoka Nenana: zaidi ya saa 127. Siku tano na kidogo, kwa njia ambayo rekodi yake ilikuwa 9.

Dawa ilikuwa imeganda. Hakuna kichupa hata kimoja kilichovunjika. Wakaiacha iyeyuke taratibu, ilipofika saa sita mchana Welch na manesi wakaanza kuchoma.

Dada mmoja, mwanafunzi wa uuguzi, najua utauliza: sista, si dawa ikiganda inaharibika? Hongera kwa kuwa macho darasani. Chanjo yetu ya pentavalenti ikiganda imekufa, tunafanya jaribio la kutikisa na tunaitupa. Sababu ni ile chumvi ya aluminiamu iliyomo, ikiganda inajikusanya kama mchele. Ile ya Nome haikuwa chanjo. Ilikuwa maji ya damu ya farasi, na ilipoyeyuka ilifanya kazi.

SEHEMU YA 5

Sasa ule ubishi wa ndege. Shehena ya pili, zile yuniti zaidi ya milioni moja, ilikuja kwa meli kutoka kusini. Ilipofika Alaska wakakubaliana: nusu iende na mbwa, nusu ijaribiwe kwa ndege, wale wa Fairbanks waridhike. Darling akajiandaa, watu wakakusanyika. Kifuniko cha rejeta kikavunjika, injini ikachemka. Kesho yake wakajaribu tena, ikagoma tena. Mzigo uliokwenda na mbwa ukafika Nome tarehe 15 Februari.

Siwacheki marubani. Eielson mwenyewe alikufa 1929 katika safari ya ndege kuelekea Siberia, kwenye dhoruba, akienda kwenye meli iliyokwama barafuni. Watu hawa walilipia kwa roho zao zile saa mbili ambazo leo sisi tunazihesabu kama mapumziko ya kusinzia. Na siku ileile Balto alipoingia Nome, huko Washington ilisainiwa sheria ya kuruhusu kampuni binafsi kubeba posta kwa ndege. Miaka iliyofuata ndege zikachukua posta ya Alaska kijiji kwa kijiji. Mbwa wa mwisho wa posta, wa Savoonga, walistaafu mwaka 1963.

Karantini ya Nome iliondolewa kabla Februari haijaisha. Vifo vilivyoandikwa ni kati ya 5 na 7. Nasema "vilivyoandikwa". Welch mwenyewe aliamini kulikuwa na wagonjwa wengine wengi, pengine mia na zaidi, kwenye kambi za wenyeji nje ya mji, ambako watu walizika watoto wao bila kumwita mtu yeyote mwenye kalamu. Kwa hiyo ukisoma popote kwamba walikufa watano, soma vizuri: walikufa watano ambao daktari aliwajua.

Balto alijengewa sanamu New York, bustani ya Central Park, Desemba ya mwaka huohuo, na sanamu ipo mpaka leo watoto wanaikalia mgongoni. Seppala iliuma, maana Togo ndiye aliyefanya kazi kubwa. Wamebishana miaka na miaka kuhusu mbwa yupi. Nimetafuta sana mtu anayebishana kuhusu nesi yupi, sijampata.

Anayetaka kusafiri leo: kutoka Anchorage hadi Nome ni kama kilomita 870 angani, saa moja na nusu hivi kwa jeti. Dar–Mwanza kabisa. Hali ya hewa ikichafuka ndege hairuki, na hapo Nome inarudi kuwa mbali kama zamani.

Na yule mama aliyeniuliza swali, jana kaja na mjukuu, wiki ya 10. Nikamchoma paja la kushoto, akalia kidogo, akanyonya, akalala. Nimempangia tarehe ya wiki ya 14. Kaniuliza kama Nome wanachoma pia. Nikamwambia wanachoma, mama, tena wao hawahitaji kubembelezwa.

Jumapili sina zamu. Nitawaandikia habari ya pepopunda ya watoto wachanga na wembe wa kukatia kitovu, mwenye swali aniachie mapema.